Hesabu majani kwanza: miezi 18 yangu na miswada ya Zama za Kati

Nimekaa na hii kitu moyoni muda mrefu, nikaona niiandike sasa kabla uchungu wake haujanitoka kabisa, manake najua kuna watu wanaanza kazi kama hii na hakuna anayewaambia lolote zaidi ya "utazoea". Mimi nilipata mkataba wa miezi 18 kwenye maktaba moja ya chuo huko Ulaya, jina naliacha. Kazi ilikuwa kuandaa katalogi ya kitaalamu ya miswada 64 ya Zama za Kati, karibu yote ya Kilatini, ya kuanzia karne ya 12 mpaka ya 15. Kilichokuwepo kabla yangu ni orodha ya mtunza maktaba wa karne ya 19, kila kitabu mstari mmoja. "Biblia, ndogo." "Mahubiri, ngozi." "Sala, ina picha." Basi. Nikapiga hesabu ya haraka haraka: miezi 18 ni wiki kama 78, miswada 64, kwa hiyo muswada mmoja kwa wiki na muda unabaki wa kuandika utangulizi na faharasa.

Muswada wa kwanza peke yake ulinichukua wiki tano.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe niseme kidogo. Kitabu cha kuchapwa ukishakiona kimoja umeziona nakala zake nyingi. Muswada hauna pacha, kila nakala kuna mtu alikaa akaiandika kwa mkono wake, kwa hiyo kila moja ina makosa yake, mapengo yake na safari yake. Anayekatalogi anajibu maswali matatu: ndani kuna nini, kitu chenyewe kimetengenezwaje, na kimepita mikononi mwa nani hadi kufika hapa. Mtafiti aliye mbali, ambaye pengine hatakuja kukishika kamwe, ataamini ulichoandika. Hiyo imani ndo uzito wa kazi, na mimi nilichelewa kuuona.

Kosa langu la kwanza nililifanya siku ya kwanza. Nilipewa kile cha "Mahubiri, ngozi", nikakiweka kwenye mito ya sponji kama nilivyoelekezwa, mikono nimenawa na kukausha (glovu nyeupe za kwenye filamu achana nazo, zinaondoa hisia kwenye vidole na ni rahisi kuchana ukurasa nazo), penseli pembeni kwa sababu kalamu ya wino hairuhusiwi chumba kile, nikaanza kusoma. Nilipenda Kilatini, nimesoma Kilatini, nikaona kazi ni kusoma na kujua haya mahubiri ni ya nani. Nikasoma wiki mbili nzima. Nikaandika kurasa tisa za maelezo, nikajisikia vizuri sana, nikampelekea mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amefanya kazi hii zaidi ya miaka 30 na ndiye aliyepangiwa kuniangalia.

Hakusoma hata aya moja. Akaniuliza, "Umehesabu?"

"Nimehesabu nini?"

"Majani."

Nikamwambia namba zipo, kuna mtu alishaandika kwa penseli kwenye kona ya juu kulia, mwisho ni 171. Akasema twende. Tukakaa naye tukahesabu jani moja moja kuanzia mwanzo, tukapata 173. Namba 88 ilikuwa imeandikwa mara mbili, na mbele kidogo kuna jani tupu ambalo aliyehesabu zamani aliliruka. Kwa hiyo kila nilichokuwa nimeandika kuanzia folio (yaani jani) ya 88 kwenda mbele kilielekeza mahali pasipo. Wiki mbili.

Alafu akanifundisha kitu ambacho ningelipa hela nyingi kukijua mapema. Muswada haujajengwa kwa kurasa, umejengwa kwa mikunjo. Mnakili alichukua vipande vya ngozi, mara nyingi vinne, akavikunja katikati kimoja ndani ya kingine, akapata majani nane, yaani kurasa 16. Huo ni mkunjo mmoja. Mikunjo ikashonwa pamoja ndo ikawa kitabu. Yule mama alifungua polepole, taratibu kabisa, hadi akafika mahali ambapo uzi unaonekana katikati ya mfereji wa kurasa, akasema hapa ndo kitovu cha mkunjo, hesabu kwenda kushoto na kwenda kulia. Zikitoka nne kwa nne uko salama. Zikitoka nne kwa tatu kuna kitu: ama jani limekatwa ama limeongezwa. Angalia vizuri mle ndani utaona kijisehemu chembamba cha ngozi kimebaki, upana wa ukucha hivi, hicho ndo kisiki cha jani lililoondoka.

Na kuna namna ya kuhakikisha. Ngozi ina pande mbili, upande wa manyoya na upande wa nyama. Upande wa manyoya huwa wa njano kidogo na ukiinamisha taa utaona vitundu vidogo vidogo mahali manyoya yalipotoka, upande wa nyama ni mweupe zaidi. Wanakili walipanga mikunjo ili ukifungua popote, manyoya yaangaliane na manyoya na nyama iangaliane na nyama. Hii wataalamu wanaiita kanuni ya Gregory, kwa jina la Caspar René Gregory aliyeieleza karne ya 19. Sasa ukifungua ukakuta kushoto njano kulia nyeupe, simama hapo hapo. Jani limepotea au kuna mtu amevuruga mpangilio. Nilivyojua hilo nikawa nafungua kitabu kwa hamu tofauti kabisa, yaani kila ukurasa unaniambia kitu kabla sijasoma neno hata moja.

Tuliporudi kwenye kile cha mahubiri na kukipima upya, kumbe hakikuwa kitabu kimoja. Vilikuwa vitabu vitatu vilivyoshonwa kwenye jalada moja. Sehemu ya kwanza mistari 34 kwa ukurasa, ya pili mistari 41, ya tatu inarudi 30 na vitobo vya pembeni, vile vya kuongozea rula, vina nafasi tofauti. Na sehemu ya tatu, iliyo mwisho wa kitabu, ndo ilikuwa ya zamani kuliko zote. Dalili moja ni ndogo lakini naipenda sana: mnakili ameanza kuandika juu ya mstari wa kwanza uliochorwa. Neil Ker, mtaalamu wa miswada, alionyesha mwaka 1960 kwamba kwenye robo ya pili ya karne ya 13 hivi wanakili walibadilika, wakaanza kuandika chini ya mstari wa kwanza. Kwa hiyo unaangalia tu juu ya ukurasa, mstari wa rula na mstari wa maneno kipi kiko juu, na tayari una fununu ya umri. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba mahubiri ya mwisho ni "nyongeza ya baadaye". Ilikuwa kinyume kabisa. Nilifuta kurasa zote tisa.

Kwa hiyo anayeanza, nakuomba sana, hesabu majani kwanza. Alafu mikunjo. Alafu pima kwa milimita urefu na upana wa jani, pima na eneo lililoandikwa, hesabu mistari sehemu tano sita tofauti na sio ukurasa wa kwanza tu. Angalia neno la mwito, lile neno dogo chini ya ukurasa wa mwisho wa mkunjo ambalo linatakiwa lifanane na neno la kwanza la mkunjo unaofuata. Yasipofanana kuna mkunjo umepotea au umehama. Ukimaliza yote hayo ndo usome. Inaonekana kama kupoteza muda, najua, mimi mwenyewe nilinung'unika, lakini kazi hii ya siku mbili inaokoa wiki.

Kusoma nako kuna shida zake. Kilatini cha chuo hakikuandai kwa vifupisho. Ngozi ilikuwa ghali, na kuandika kunachosha, kwa hiyo wanakili walikata maneno karibu yote. Chukua herufi p peke yake: ikiwa na mstari umekatiza mguu wake ni "per", ikiwa na mkunjo unaozunguka kushoto mguuni ni "pro", ikiwa na kistari juu ni "pre". Ukikosea moja sentensi inageuka maana. Kitabu cha Adriano Cappelli cha vifupisho, kilichotoka mara ya kwanza 1899, bado kiko mezani kwa kila mtu wa kazi hii na toleo la zamani linapatikana bure kwenye intaneti. Wiki za kwanza nilikuwa nasoma mistari minne kwa saa. Usione aibu. Mwezi wa tatu macho yanaanza kuona neno zima badala ya herufi, na hiyo haiji kwa kusoma kuhusu paleografia, yaani elimu ya mwandiko wa kale, inakuja kwa kunakili kwa mkono wako kila siku ukurasa mmoja, herufi kwa herufi, pamoja na makosa ya mnakili bila kuyasahihisha.

Hilo la kutosahihisha ni muhimu. Kwenye katalogi unanukuu maneno ya mwanzo na maneno ya mwisho wa kila andiko, ili mtu mwingine ayalinganishe na nakala nyingine. Mimi mwanzoni nilikuwa "nanyoosha" tahajia ifanane na Kilatini cha kwenye kamusi. Nikaharibu kabisa, kwa sababu ile tahajia ya ajabu ndo wakati mwingine inakuambia mnakili alitoka wapi. Na kwa mahubiri kuna mtego mwingine: hubiri linaanza na mstari wa Biblia, kwa hiyo mahubiri kumi ya watu kumi yanaweza kuanza na maneno yale yale ya Injili. Lazima unukuu ule mstari na pia maneno yanayofuata baada yake, hapo ndo mhubiri anaanza kusema ya kwake. Johannes Baptist Schneyer alikusanya mahubiri ya Kilatini ya mwaka 1150 hadi 1350 kwenye juzuu 11 kwa mpangilio huo. Mimi nilinukuu mistari ya Biblia peke yake kwa hubiri 60 na kitu, ikabidi nirudie zote.

Nukuu pia maneno ya kwanza ya jani la pili. Nilidhani ni desturi tu ya wazee wa fani, kumbe ina sababu nzuri sana. Maktaba za Zama za Kati zilitambua nakala zao kwa maneno hayo, kwa sababu nakala mbili za kitabu kimoja zinaanza sawa lakini jani la pili kila moja inaanza na neno tofauti, kutegemea mnakili aliandika kwa upana gani. Orodha za zamani za monasteri nyingi zina maneno hayo. Ukiyanukuu, kuna siku mtu atayakuta kwenye orodha ya monasteri iliyofungwa miaka 500 iliyopita na atajua kitabu hiki kilikuwa chao.

Sasa nifike kwenye kosa lililoniumiza kuliko yote, na hili sijawahi kulieleza hadharani.

Kulikuwa na muswada wa karatasi, maelezo ya sheria za kanisa, na mwisho kabisa mnakili ameandika tarehe, siku ya mwezi Februari mwaka 1406. Tarehe! Miswada mingi haina tarehe hata kidogo, unabaki kukisia kwa mwandiko, "robo ya tatu ya karne ya 14", hivyo. Nikafurahi mno. Nikaandika 1406 kwa herufi nzito, nikaweka kwenye kanzidata ya maktaba, ikaonekana kwa dunia nzima jioni ile ile.

Kuna makosa mawili pale. La kwanza dogo: mwaka haukuanza Januari kila mahali. Uingereza walihesabu kuanzia tarehe 25 Machi hadi mwaka 1752, Ufaransa sehemu nyingi walianzia Pasaka hadi miaka ya 1560. Kwa hiyo Februari 1406 ya kitabu kilichoandikwa Ufaransa inaweza kuwa Februari 1407 kwa hesabu yetu. Sikujua, sikuuliza.

La pili kubwa. Baada ya miezi mitano nikapata barua pepe kutoka kwa mtafiti mmoja kijana, mpole sana, anasema ametumia tarehe yangu kwenye hoja yake na sasa wenzake wanamwambia mwandiko kwenye picha hauonekani kuwa wa 1406, naomba uangalie tena. Nikarudi kwenye kitabu tumbo limekaza. Safari hii nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo: alama za maji. Karatasi za Ulaya za wakati ule zilitengenezwa kwenye fremu ya nyaya, na mtengenezaji alishonea umbo la waya kwenye fremu, ukiinua karatasi kwenye mwanga unaliona. Yangu ilikuwa kichwa cha ng'ombe, alama ya kawaida kupita zote, kwa hiyo haitoshi kusema "kichwa cha ng'ombe". Nikaweka shiti nyembamba ya mwanga chini ya jani, nikapiga picha na rula ndani yake, nikapima urefu wa alama na umbali kati ya ile mistari mikubwa ya nyaya inayoipita pembeni, alafu nikalinganisha. Charles-Moïse Briquet alichapisha michoro 16,112 ya alama za maji mwaka 1907, na mkusanyiko wa Gerhard Piccard ulioko Stuttgart uko wazi kwenye intaneti. Siku tatu nikilinganisha. Zilizokaribia kabisa na yangu zote ni za miaka ya 1450 mwishoni.

Karatasi ambayo ilikuwa haijatengenezwa, mtu hawezi kuiandikia 1406. Yule mnakili alikuwa mwaminifu sana, alinakili kila kitu kilichokuwa kwenye kitabu alichokuwa anakitazama, pamoja na tarehe ya mnakili aliyemtangulia. Hii inatokea, na wenye kazi wanaijua. Mimi sikuwa naijua na sikumuuliza anayejua, kwa sababu nilishaingiwa na hofu ya kuonekana mjinga baada ya yale ya kuhesabu majani.

Nilimwandikia yule kijana siku hiyo hiyo. Nilimwambia kosa ni langu lote. Alijibu vizuri lakini makala yake ilibidi aiondoe na kuiandika upya, na muda wake hakuna atakayemrudishia. Nililala vibaya wiki nzima. Kuna usiku nilifikiria kuacha.

Kilichobadilika baada ya hapo ni namna ninavyoandika. Nilikuwa naandika matokeo, sasa naandika nilichokiona kando, ninachokidhania kando, na sababu yake. Sio "1406" bali "mnakili ameandika 1406, karatasi inaelekea miaka ya 1450 mwishoni, mwandiko unakubaliana na karatasi". Mtu akija na ushahidi bora ataona ni tofali gani alitoe bila kubomoa ukuta mzima. Maktaba nyingi siku hizi zinaandika maelezo kwa XML ya TEI, yaani mfumo wa kuweka alama kwenye maandishi ya kompyuta, ina sehemu maalum kabisa ya kueleza muswada, na unaweza kuweka humo tarehe ya mapema zaidi inayowezekana, ya mwisho inayowezekana, na ushahidi. Itumie yote. Ila usianzie kuandika humo humo ukiwa na kitabu mbele yako, nilipoteza asubuhi nyingi nikitafuta alama moja niliyosahau kufunga wakati kitabu kimekaa wazi bure. Daftari na penseli kwanza, kompyuta baadaye.

Cha "Sala, ina picha" kilikuwa kitabu cha Sala za Saa, yaani sala za kusaliwa saa maalum za siku, karne ya 15, na ndicho kilichonirudishia moyo. Vitabu hivi vina kalenda mwanzoni, na watakatifu wakubwa wa mahali wameandikwa kwa wino mwekundu au dhahabu, kwa hiyo kalenda inakuambia kitabu kilikusudiwa watu wa wapi. Mtakatifu Genovefa tarehe 3 Januari kwa rangi, unafikiria Paris. Kingine ni kuangalia antifona (kiimbo kifupi cha zaburi) na somo fupi kwenye sala ya Prima na ya Nona, mbili kati ya zile za saa, zinabadilika kufuatana na desturi ya jimbo. Cha kwangu kilionyesha desturi ya Sarum, yaani Uingereza. Nikashika penseli kuandika "kimetengenezwa Uingereza", alafu nikasimama. Wakati ule warsha za Bruges zilitengeneza vitabu vingi tu kwa ajili ya kuuzwa Uingereza. Sala ni za Uingereza, picha na maua ya pembeni ni ya Flanders. Kilikotengenezwa na kilikotumika ni vitu viwili, viandike kwenye mistari miwili.

Alafu nikafika Desemba. Tarehe 29 palikuwa na mkwaruzo, ngozi imekuwa na vinyweleo, mtu amekwangua kwa kisu. Nikaomba taa ya UV, tukazima za chumba. Ule wino wa zamani wa chuma, uliotengenezwa kwa nundu za mwaloni, hata ukikwanguliwa unaacha kitu ndani ya ngozi, na chini ya mwanga ule ngozi inang'aa na pale penye wino panabaki peusi. Likatokea jina polepole, Thomas, kisha neno la shahidi. Ni Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury. Mwaka 1538 Mfalme Henry wa Nane aliamuru jina lake lifutwe kwenye vitabu vya ibada. Nikarudi Mei, Machi, nikakuta neno "papa" nalo limekwanguliwa kila lilipo. Kwa hiyo kitabu hiki mwaka 1538 kilikuwa Uingereza, mikononi mwa mtu aliyeogopa au aliyetii. Hakuna risiti, hakuna barua, ila kisu kimeandika historia. Nilikaa pale gizani nikasikia machozi.

Angalizo hapo hapo: taa tu, tena kwa dakika chache. Karne ya 19 wasomi, akiwemo Angelo Mai wa Vatikano, walipaka dawa kwenye kurasa zilizofutwa ili maandishi ya chini yatokee, yakatokea, kisha kurasa zikaharibika na nyingine leo hazisomeki tena. Usiguse, usifute, usinyooshe kona iliyokunjika kwa miaka 400. Na usidharau jalada. Ndani ya jalada la kile cha sheria za kanisa kulikuwa na ukanda wa ngozi wenye noti za muziki wa zamani kabisa, kipande cha kitabu kingine kilichokatwa kuwa kiimarishio cha uti. Mimi nilikiona mara ya tatu nilipokifungua. Siku hizi vipande kama hivyo vina mahali pake, mradi wa Fragmentarium wenye makao Fribourg, Uswisi, unavikusanya mtandaoni tangu 2017, na vipande vilivyotawanyika maktaba mbalimbali vinaanza kukutana.

Kuhusu picha za kuskani niseme kidogo tu, maana watu wengi huniuliza kama mtu anaweza kukatalogi akiwa mbali. Kusoma andiko unaweza. Vingine hapana. Mistari iliyochorwa kwa ncha kavu bila wino haionekani mpaka uinamishe taa, manyoya na nyama hauvitofautishi vizuri, na kwenye mfereji wa katikati kamera haiingii.

Gharama. Macho yangu yalishuka, nilibadilisha miwani mara mbili. Mgongo, kwa sababu unakiinamia kitabu na kitabu hakiwezi kuinuliwa. Chumba ni cha baridi makusudi kwa ajili ya ngozi, kwa hiyo ndani ya chumba cha kusomea nilivaa sweta mpaka kiangazi. Kitabu kimoja kilikuwa na ukungu, nikakifungua bila kujua, nikakohoa wiki mbili; ukiona vumbi la rangi na harufu ya unyevu funga, mwite mhifadhi, usiwe shujaa. Safari mbili za kwenda kuona miswada ndugu kwenye maktaba nyingine nilijilipia kwa sababu sikuiweka kwenye bajeti wakati wa kuomba kazi. Na upweke upo, siku nzima huongei na mtu. Kuna sentensi wanakili walikuwa wanaandika mwishoni mwa vitabu, "tres digiti scribunt, totum corpus laborat", vidole vitatu vinaandika, mwili mzima unafanya kazi. Nilipoikuta mara ya kwanza kwenye kitabu nilichokuwa nimekishika nilitamani nimpe mkono yule mtu.

Na idadi haikutimia. Kati ya miswada 64 nilimaliza 39. Mazungumzo na wakuu yalikuwa magumu, nilitakiwa kuyafanya mwezi wa tatu nilipoona kasi yangu ya kweli, mimi nikayafanya mwezi wa 15. Ningeanza upya leo, mwezi wa kwanza na wa pili nisingeandika maelezo kamili ya kitabu chochote. Ningepita yote 64, kila kimoja nusu siku: majani mangapi, ngozi au karatasi, vitabu vingapi ndani ya jalada, hali yake, maneno ya jani la pili. Hapo ungejua vipi ni vya siku tatu na vipi vya miezi miwili, na mkataba ukikatika katikati kila kitabu kina angalau kitu. M. R. James alikatalogi miswada ya vyuo vya Cambridge kwa kasi kubwa na kuna mengi aliyaacha, lakini watu wanaanzia kwake hadi leo kwa sababu alifika kwenye kila rafu. Ker naye alipita maktaba ndogo ndogo za Uingereza ambazo hazikuwa na katalogi ya maana, juzuu zake zikatoka kuanzia 1969 hadi 1992, ya mwisho ikamaliziwa na mwenzake baada yake kufariki. Kazi hii mtu mmoja haimalizi, tena ni vizuri ukalijua hilo siku ya kwanza.

Wiki ya mwisho sikuandika maelezo mapya. Nilikaa na vile 25 vilivyobaki nikavifanyia ile nusu siku niliyotakiwa kuvifanyia mwanzo, vingine nilivipa saa moja tu. Daftari niliacha kwenye rafu pale pale, limefungwa kwa utepe mweupe wa pamba, na yule mama anajua lilipo. Muswada wa 40, kile cha maisha ya watakatifu, nimeufikisha hapa: majani 183, mikunjo 23 ya majani manane manane, mkunjo wa 13 umepungukiwa jani moja baada ya folio 97, kisiki kinaonekana, neno la mwito la mkunjo wa 17 halifanani na linalofuata na sijapata sababu. Anayekuja aanzie hapo.